Hela ya Mahindi na Zulia la Mjane



Kuna mstari katika Mithali 20:14 ambao ningependa kila mtu ausome kabla ya kutoka nyumbani kwenda sokoni. Unamchora mnunuzi. Mbele ya muuzaji anaiponda bidhaa, mbaya hii, haifai hii. Akishalipa na kugeuka kwenda zake, anajisifu kwa alichopata. Mwandishi hasemi kama ni dhambi au si dhambi. Anamchora tu na kumwacha hapo tumtazame. Mimi nikifika kwenye mstari huo huwa nacheka, maana huyo mtu namjua. Nimemwona mnadani Sumbawanga, nimemwona Kariakoo, na sasa namwona huku Istanbul ninakosoma. Kinachobadilika ni lugha tu.

Leo nataka tuongee habari ya kununua. Nitaongelea zulia kwa sababu ndilo lililonifanya nifikiri, lakini wewe unaweza kuweka hapo simu ya mtumba, nyanya za gengeni, au nauli ya bodaboda usiku wa mvua.

Mambo yalianza hivi. Nyumbani ni Mollo. Kwa wasioijua, Mollo iko Manispaa ya Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, na wengi wameisikia kwa sababu ya gereza lake lenye mashamba. Sisi wenyeji tunaijua kwa mahindi, maharage na baridi. Ile baridi ya Juni na Julai, ukipiga magoti kwenye sakafu ya saruji asubuhi, inapanda mpaka mgongoni. Basi jumuiya yetu ikakaa, ikasema: kwani si tuna mtoto wetu yuko Uturuki, nchi ya mazulia? Atununulie zulia zuri la kutandika mbele ya altare. Wakachanga. Zilipatikana shilingi 450,000, na mama akanisomea orodha yote kwenye simu, jina kwa jina, nani ametoa nini. Kuna aliyetoa debe la maharage likauzwa. Kuna aliyetoa jogoo. Bibi mmoja alitoa elfu mbili, akasema nyingine atamalizia mavuno yakitoka.

Ukishasomewa orodha kama hiyo, huwezi kuingia dukani ukachezea hela. Kubana matumizi hapo ni wajibu. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani napinga kubishana bei. Kupatana bei ni mazungumzo, na katika masoko mengi, ya kwetu na ya huku, ukilipa bei ya kwanza bila neno muuzaji mwenyewe anakushangaa. Abrahamu alipatana hata na Mungu juu ya Sodoma, kutoka hamsini akashuka mpaka kumi. Ila huyohuyo Abrahamu, alipotaka pango la Makpela amzike Sara (Mwanzo 23), aliambiwa achukue bure, akakataa, akapima shekeli mia nne za fedha mbele ya watu, bei kamili. Mtu yuleyule. Kumbe kuna wakati wa kuvuta kamba na kuna wakati wa kulipa. Shida ni kujua uko kwenye wakati gani.

Nilijifunza kidogo kabla ya kununua, na niwape na ninyi, huenda ikawafaa. Zulia la mkono ni la aina mbili kubwa. Kuna lile bapa, lisilo na manyoya, wanaliita kilim. Hilo linafumwa kwa kupitisha nyuzi za rangi kwenye nyuzi za mtande mpaka picha inatokea. Halafu kuna lenye manyoya, ambalo kila unyoya ni uzi uliofungwa fundo. Fundo la Kituruki linazungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande, linavutwa, linakatwa, kisha linafuata lingine. Ukitaka kujua kama umeuziwa la mashine, ligeuze. La mkono, nyuma yake picha inaonekana wazi kama mbele, na ukitazama karibu unaviona vifundo kimoja kimoja, vingine vikubwa kidogo, vingine vidogo, maana mkono wa mtu si mashine. Mara nyingi la mashine limepakwa gundi nyuma na kubandikwa kitambaa.

Hapa niseme kitu pembeni. Wengi tumesikia yale mahubiri ya kwamba maisha ni kama kitambaa kilichotariziwa, sisi tunaona upande wa nyuma wenye fujo za nyuzi, Mungu anaona upande wa mbele uliopendeza. Ni mfano mzuri kwa vitambaa vya kutarizi. Kwa zulia haufai hata kidogo. Zulia lililofumwa vizuri nyuma ni safi, na mnunuzi anayejua anaanza huko nyuma.

Nikaenda sokoni. Duka silitaji na mwenyewe simtaji. Alinikaribisha chai, kama ilivyo desturi huku, akaanza kufunua mazulia. La kwanza lilikuwa la kuswalia, lenye umbo la mihrabu. Nikamwambia hilo hapana, hilo ni la ibada ya ndugu zetu Waislamu na sisi tunatafuta la kanisani. Akacheka, akaliweka pembeni kwa adabu. Ya pili na ya tatu bei zilikuwa juu mno. Halafu akamtuma kijana wake nyuma ya duka, akaleta lingine.

Jamani, lile zulia! Kubwa, la sufu, jekundu la kuiva. Nikaligeuza: nyuma safi. Nikauliza bei, akataja, nikapiga hesabu kwenye simu. Ilikuwa karibu sawasawa na hela ya Mollo. Zulia la namna ile, kwa bei nilizokwisha kuzisikia kwingine, lingekuwa mara tatu. Nikamuuliza, mbona hili rahisi hivi? Akanijibu kwa furaha kabisa, kama mtu anayekufanyia hisani. Alisema mwenye zulia ni mama aliyefiwa na mumewe, anadaiwa kodi ya nyumba, na bei huku zinapanda kila mwezi. Anauza chochote kilichomo ndani. Alilileta akiwa na haraka, na alikubali ile bei ya kwanza aliyotajiwa. "Dada, hii ni bahati yako," akaniambia.

Nikaomba anipe siku moja. Nikamuuliza pia kama anaweza kunikutanisha na yule mama. Akasema hilo haliwezekani, biashara haiendi hivyo.

Kilichonitatiza si huruma tu. Ni kwamba stori hiyo mimi ninaijua kwa lugha ya kwetu. Kwetu mvua zikiwa bado zinanyesha, mahindi yako shambani mabichi, na ghala limekwisha, ndipo shule zinafunguliwa. Sare, daftari, michango. Au mtoto anaumwa. Hapo anakuja mtu na hela taslimu mfukoni, ananunua mahindi yakiwa shambani, kwa bei ambayo mavuno yakitoka hata gharama ya mbolea hairudi. Ukimuuliza, anasema: nimemlazimisha nani? Amekubali mwenyewe. Na wakati wa kupima anakuja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, analilipia kama gunia moja. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara ngapi? Na bado ipo.

Nabii Amosi, sura ya 8, alikutana na watu haohao. Aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza uzito wa fedha, wenye hamu sabato iishe wafungue biashara, wanaomnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Ukimsomea Amosi mkulima yeyote wa Rukwa huhitaji kumfafanulia. Atakutajia na namba ya gari.

Sasa hilo neno "amekubali mwenyewe" ndilo nataka tulitazame, maana sisi vijana tunalitumia sana. Nimepata dili, muuzaji amekubali mwenyewe. Dada wa kazi amekubali mshahara huo mwenyewe. Baba Mtakatifu Leo XIII aliligusa mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum, akiongelea mishahara ya wafanyakazi. Anafundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuifanya bei iwe ya haki. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu amebanwa na hali au anaogopa jambo baya zaidi, huyo ametendewa kwa nguvu, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, chini ya amri ya saba, inaweka katika orodha ya wizi kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Inataja kupandisha. Lakini mwenye akili anaona kwamba kushusha bei kwa njia hiyohiyo ni jambo lilelile. Na angalia, haya yote yanaweza kutokea bila kuvunja sheria ya nchi yoyote. Polisi hawakuhusu. Usiibe bado inakuhusu.

Jumapili ile nilikwenda Misa kama kawaida katika kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua, mtaa wa Istiklal, tunakokutana Waafrika wengi. Uani kuna sanamu ya Mtakatifu Yohane XXIII, aliyekuwa mwakilishi wa Papa hapa Uturuki kuanzia 1935 mpaka 1944 kabla hajawa Papa mwenyewe. Baada ya Misa nikakaa pale uani nikampigia mama.

Nilimweleza yote. Mama hakujibu papo hapo. Akasema, "Mwanangu, hela si yangu peke yangu, ngoja nikawaulize wenzangu." Akalipeleka kwenye jumuiya.

Nimesimuliwa kwamba hawakukubaliana. Mzee mmoja alisema, na nadhani ana hoja: yule mama ameshalipwa, iwe kidogo iwe nyingi, sisi tukiliacha zulia, halirudi kwake, linabaki kwa mwenye duka. Tena hela yetu nayo imetoka katika shida. Maskini akinunua rahisi, kosa lake liko wapi? Hoja hiyo msiipuuze. Nimeizungusha kichwani siku nyingi. Jibu langu ni hili: yule mwenye duka ataendelea kuwanunulia wajane kwa bei ya kodi ya nyumba maadamu kesho yake anapata mtu wa kumwambia "bahati yako" naye akaipokea. Mimi ndiye ninayemfanya aende tena. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zenyewe zimefika masikioni mwa Bwana. Mjane yuleyule ambaye Torati nzima inamkinga, Kutoka 22 mpaka Kumbukumbu 24, ambaye hata vazi lake halichukuliwi rehani, ndiye nimtandike mbele ya altare?

Ila mama mwenyewe alilisema kwa ufupi kuliko mimi. Aliwaambia: "Yule anayetununulia mahindi shambani tunamsema kila Jumamosi hapa. Leo tupige magoti juu ya mahindi ya mwenzetu?" Wakanyamaza. Halafu katekista akasema, mwambie anunue dogo, lakini kwa mwenyewe aliyefuma.

Kwa mwenyewe aliyefuma. Rahisi kusema ukiwa Mollo. Lakini nilikuwa na rafiki chuoni, Mturuki, ambaye bibi yake anaishi kijijini upande wa Ayvacık, mkoa wa Çanakkale. Tukaenda naye.

Sasa wanaosoma Matendo ya Mitume wanipe masikio. Eneo lile ndilo la Aso. Katika Matendo 20:13, Paulo na wenzake wako Troa. Wenzake wanapanda merikebu kwenda Aso, yeye anasema atakwenda kwa miguu. Luka haelezi kwa nini. Nimezitazama zile barabara za milima, mizeituni, mawe na kondoo, nikamfikiria huyo mtu wa Tarso anatembea peke yake. Na Paulo alikuwa fundi. Matendo 18:3 inasema alikaa Korintho kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kutengeneza mahema. Kilikia, alikozaliwa, ilijulikana kwa nguo nzito ya singa za mbuzi. Mara kadhaa anawakumbusha watu kwamba mikono yake ndiyo iliyomlisha. Mtume wa mataifa alijua bei ya uzi na uchovu wa vidole.

Bibi yake rafiki yangu alikuwa na kitanda cha kufumia kimesimama ukutani, nyuzi za mtande zimekazwa juu mpaka chini. Nyekundu anaitoa katika mizizi ya mmea mmoja, buluu katika nili. Mwaka 1981 katika vijiji vya huko ulianzishwa mradi uitwao DOBAG, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Marmara, kurudisha rangi za asili na kuwawezesha wanawake wauze mazulia kupitia ushirika wao. Sisi tungesema AMCOS ya mazulia. Nilimuuliza kwa siku anafunga mafundo mangapi. Akasema akiwa mzima na hana wageni, kama elfu nne. Tukapiga hesabu pamoja. Zulia la mita moja na sentimita ishirini kwa mita moja na themanini, lenye mafundo laki moja kila mita ya mraba, ni mafundo zaidi ya laki mbili. Siku hamsini na nne. Na hujahesabu kukata sufu, kusokota, kuchemsha rangi.

Niliwaza lile zulia jekundu la dukani, ambalo lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Nikamwambia kwamba na sisi Wafipa tulifuma. Alishangaa. Lakini ni kweli: Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872 alikuta pamba inalimwa, na aliandika juu ya nguo za huko zenye milia myeusi na myeupe, zilizokuwa zikifumwa kwa wingi kabla uvamizi wa Wangoni haujaivuruga nchi. Baadaye zikaja nguo za dukani, rahisi, na ufumaji ukafifia. Bibi yangu mzaa mama alisuka mikeka tu. Kitanda cha kufumia pamba hakuwahi kukiona. Yule bibi wa Ayvacık aliposikia hivyo alitikisa kichwa, akasema wajukuu zake nao hawataki kujifunza.

Zulia la mafundo hela yetu haikulifikia, hata nusu. Alikuwa na kilim moja ndogo, sentimita tisini kwa mia moja na thelathini, yenye nyekundu, buluu na nyeupe ya kondoo. Akataja bei. Nilizoea kuanza na nusu. Safari hii niliuliza tu imemchukua siku ngapi, akaniambia, nikalipa. Ikabaki chenji ya kutosha kulipia kusafirisha. Akanifungia na mfuko wa zeituni kama nyongeza. Kwa hiyo hata huko nyongeza ipo.

Yoshua bin Sira, kitabu ambacho wenzetu wengine hawanacho katika Biblia zao, anasema mwanzoni mwa sura ya 27 kwamba kama mambo inavyokaa katikati ya mawe mawili, ndivyo dhambi inavyojipenyeza kati ya kuuza na kununua. Tangu nirudi kutoka Ayvacık nikisoma mstari huo naunganisha na mwingine. Yohane 19:23 inasema kanzu ya Yesu haikuwa na mshono, ilikuwa imefumwa yote kutoka juu. Watu wa kale walipenda kuamini kwamba Mama Maria ndiye aliyeifuma, Injili haisemi. Inachosema ni kwamba askari waliona ni nguo nzuri, haifai kuchanwa, wakapiga kura. Mmoja akaipata. Bila shaka alirudi kambini anajisifu kama yule wa Mithali. Nguo nzima ya kufumwa kwa mkono, bila kulipa hata senti, na sababu ya kuipata rahisi ilikuwa juu yao palepale imepigiliwa misumari. Hakuna aliyeinua macho kuuliza mwenyewe ni nani.

Kilim ilifika Mollo mwezi wa nane. Mama alinitumia picha. Mbele ya altare ilionekana kama leso, ndogo mno, na wapo waliosema waziwazi kwamba kwa hela ileile Kariakoo wangepata la mashine la kujaza kanisa zima, na magoti ya wazee yangepona baridi. Yule mzee wa hoja naye alikuwa mmoja wao. Wameiweka chini ya mimbari ya masomo, hapo inatosha kabisa. Msomaji wa kwanza kuikanyaga alikuwa yule bibi wa elfu mbili. Alivua viatu kwanza, na katekista hakujua kama amkataze au na yeye avue. Mwaka huu, mahindi yakiuzwa, wanachanga tena kwa ajili ya zulia la magoti, na wameniambia nimuulize yule bibi wa Ayvacık kama anaweza kupokea kidogokidogo.